LEO UNAIMBA, KESHO UNAIMBIWA: Nyimbo za kuenzi kwenye Rock and Roll Hall of Fame



Kuna video moja haizeeki. Jamaa mfupi kavaa suti nyeusi na kofia nyekundu, anapiga gitaa mpaka wenzake jukwaani wanabaki kumtazama, halafu analirusha juu na kuondoka zake. Kila video hiyo ikirudi mtandaoni maswali ni yale yale. Huyu nani? Hapa wapi? Mbona wanaimba wimbo wa mtu mwingine? Na yule kijana mwenye gitaa anayetabasamu muda wote ni nani?

Majibu yapo, ila yametawanyika huku na kule, na nusu yake yameandikwa na watu wanaobishana. Nimeyakusanya hapa kwa mpangilio ili siku ukiulizwa kijiweni uwe na la kusema. Kama umelipia nusu saa tu hapo kafe na dakika zinayoyoma, shuka moja kwa moja mpaka ORODHA YA HARAKA kule chini, mengine utayamalizia kesho.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo. Wimbo wa kuenzi pale si kopi. Bendi ikipiga kopi ukumbini inataka watu wacheze. Pale mtu anapanda kulipa deni. Na deni lenyewe linazunguka: anayemwimbia marehemu leo, kesho anaimbiwa yeye. Nitakuonyesha kwa majina na miaka.

HALL OF FAME NI KITU GANI HASA?

Kwa Kiswahili tuiite Jumba la Heshima la muziki wa roki. Taasisi yake ilianzishwa mwaka 1983, na kinara wake alikuwa Ahmet Ertegun, mzaliwa wa Uturuki na mmoja wa waasisi wa kampuni ya rekodi ya Atlantic. Wasanii wa kwanza waliingizwa mwaka 1986 kwenye hafla iliyofanyika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York. Walikuwa majina 10: Chuck Berry, James Brown, Ray Charles, Sam Cooke, Fats Domino, Everly Brothers (hawa ni ndugu wawili, wanahesabiwa jina moja), Buddy Holly, Jerry Lee Lewis, Little Richard na Elvis Presley.

Sasa angalia. Buddy Holly alifariki mwaka 1959, Sam Cooke 1964, Elvis 1977. Yaani watatu kati ya 10 walikuwa wameshaondoka duniani. Tangu siku ya kwanza swali lilikuwepo pale mezani: mwenye wimbo hayupo, nani aimbe?

Jengo lenyewe, ambalo ni makumbusho, lilifunguliwa mwaka 1995 mjini Cleveland, jimbo la Ohio, kando ya Ziwa Erie. Aliyelichora ni I. M. Pei, yule yule aliyechora piramidi ya kioo ya makumbusho ya Louvre kule Paris. Kwa nini Cleveland na si New York? Kwa sababu mtangazaji Alan Freed alikuwa akirusha redio kutoka Cleveland mwanzoni mwa miaka ya 1950 na ndiye aliyelieneza jina la "rock and roll" kwa vijana. Onyesho alilolisimamia pale mwaka 1952, Moondog Coronation Ball, wengi wanalihesabu kuwa tamasha la kwanza kabisa la roki.

Masharti ya kuingia si mengi. Lazima iwe imepita miaka 25 tangu msanii atoe rekodi yake ya kwanza. Kamati inapendekeza majina, halafu wapiga kura zaidi ya 1,000 (wanamuziki, wanahistoria na watu wa biashara ya muziki) wanachagua. Mashabiki walifunguliwa kura ya mtandaoni mwaka 2012, ila zote zikijumlishwa zinahesabiwa kama karatasi moja tu ya kura. Kwa hiyo ukipiga kura mara mia usidhani umebadilisha dunia.

Na neno "roki" pale ni pana. Bob Marley aliingizwa mwaka 1994 akitambulishwa na Bono wa U2. Grandmaster Flash and the Furious Five wakawa kundi la kwanza la hiphop kuingia, mwaka 2007. Jimmy Cliff na ABBA waliingia pamoja mwaka 2010. Tupac Shakur aliingia mwaka 2017 akitambulishwa na Snoop Dogg. Mtu akikuuliza "Tupac na roki wapi na wapi?" mpe hiyo orodha.

USIKU WENYEWE UNAENDAJE?

Kila anayeheshimiwa ana zamu yake. Kwanza inaonyeshwa filamu fupi ya historia yake. Halafu anapanda mtu wa kumtambulisha, mara nyingi msanii aliyejifunza kazi kwake. Mwaka 1986 Chuck Berry alitambulishwa na Keith Richards wa Rolling Stones. Mwaka 1988 Bob Dylan alitambulishwa na Bruce Springsteen. Baada ya hapo shukrani, kisha muziki.

Kwenye muziki ndipo mambo yanapogawanyika. Kuna hali tatu:

1. Mwenye wimbo yu hai na ana nguvu. Anapiga mwenyewe, na wageni wanamsindikiza.
2. Mwenye wimbo yu hai lakini hawezi kuimba, au hakufika. Wengine wanamwimbia.
3. Mwenye wimbo ni marehemu. Wanaobaki wanabeba mzigo wote.

Vilevile kuna kipindi cha kuwakumbuka wanamuziki waliofariki karibuni, hata kama waliingizwa miaka mingi nyuma.

Zamani haya yote yalifanyika hotelini mbele ya meza za chakula, wakubwa wa kampuni za rekodi wakiwa wamevaa suti. Mwaka 2009, pale Cleveland, ndipo wananchi wa kawaida walipoanza kuuziwa tiketi. Siku hizi hafla inazunguka kati ya Cleveland, New York na Los Angeles, na mwaka 2023 ilirushwa moja kwa moja kupitia Disney+.

2001: MTOTO WA MJI MKONGWE

Kwa sisi wa huku hapa ndipo pa kuanzia. Freddie Mercury wa Queen alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka India. Alisomeshwa India akiwa mdogo, akarudi Unguja, na mwaka 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991 kwa ukimwi, akiwa na miaka 45. Tangu mwaka 2019 kuna makumbusho yake pale pale Mji Mkongwe.

Queen waliingizwa Machi 2001, Waldorf-Astoria. Usiku huo huo Michael Jackson naye aliingizwa kama msanii wa peke yake. Mpiga besi wa Queen, John Deacon, hakuja. Walikuja Brian May wa gitaa na Roger Taylor wa drams, na kwa upande wa Freddie alikuja mama yake mzazi, Jer Bulsara. Fikiria hilo kidogo. Mama aliyemzaa mtoto Unguja anasimama New York kupokea heshima ya mwanawe aliyefariki zaidi ya miaka tisa nyuma.

Waliowatambulisha Queen walikuwa wawili kutoka Foo Fighters: Dave Grohl na mpiga drams wake Taylor Hawkins. Hawkins alikuwa shabiki wa Queen wa kufa na kuzikana, na Roger Taylor alikuwa kioo chake kwenye drams. Baada ya hotuba wale wawili hawakurudi kukaa. Walipiga pamoja na May na Taylor wimbo "Tie Your Mother Down". Vijana waliokua wakiwasikiliza Queen sasa wanajaza nafasi iliyoachwa wazi jukwaani.

Yashike majina hayo mawili, Grohl na Hawkins. Tutarudi kwao.

2004: ILE VIDEO YA KOFIA NYEKUNDU

Haya, sasa tuje kwenye ile yenyewe. Ni tarehe 15 Machi 2004, Waldorf-Astoria tena. George Harrison alikuwa ameshaingia na Beatles mwaka 1988, ila safari hii anaingizwa kwa jina lake peke yake. Alikuwa amefariki Novemba 2001. Wimbo uliochaguliwa ni "While My Guitar Gently Weeps", aliouandika yeye na kutoka na Beatles mwaka 1968. Kwenye rekodi ya awali, gitaa la solo lilipigwa na rafiki yake Eric Clapton, na jina la Clapton halikuandikwa kwenye santuri.

Jukwaani walikuwepo Tom Petty na Jeff Lynne, waliokuwa na Harrison kwenye kundi la Traveling Wilburys. Alikuwepo Steve Winwood, ambaye bendi yake ya Traffic iliingizwa usiku huo huo. Alikuwepo Dhani, mtoto wa George. Ndiye yule kijana anayetabasamu. Na pembeni kabisa alikuwepo Prince, ambaye naye alikuwa ameingizwa usiku huo.

Prince hana haraka. Dakika tatu za mwanzo anapiga taratibu kama mtu aliyeazimwa. Kuna kisa cha mazoezini alichokieleza mtayarishaji wa shoo, Joel Gallen, kwa gazeti la New York Times mwaka 2016. Mpiga gitaa wa Jeff Lynne, Marc Mann, alikuwa amekamata solo zote mbili mazoezini, na Prince hakugombana. Alisema amwachie jamaa ile ya katikati, yeye ataingia mwishoni. Pale mazoezini hakuonyesha alichopanga.

Usiku ulipofika akaonyesha. Kwa karibu dakika 3 anapiga mambo ambayo hata wenzake hawakuyatarajia. Anajirusha kinyumenyume kuelekea kwa watu, anashikwa, anarudishwa, na gitaa halijanyamaza. Dhani anacheka kama mtoto aliyepewa zawadi. Mwishoni Prince analirusha gitaa juu na kuondoka bila kugeuka.

Wengine wanasema alijionyesha. Mimi nasema tazama uso wa Dhani. Ule ni wimbo wa baba yake, kuhusu gitaa linalolia, na mtu mmoja amelifanya lilie kweli. Kama mwenye msiba ameridhika, sisi wapita njia tuna neno gani?

Sasa fuata deni linavyozunguka. Prince alifariki tarehe 21 Aprili 2016. Mwaka 2017 kwenye jumba lile lile Lenny Kravitz alipanda kumwimbia yeye. Usiku huo huo wa 2017 bendi ya Jeff Lynne, Electric Light Orchestra, iliingizwa, na mtu wa kuitambulisha alikuwa nani? Dhani Harrison. Miezi sita baadaye, tarehe 2 Oktoba 2017, Tom Petty naye akafariki. Hafla ya mwaka 2018 ilifunguliwa na The Killers wakimwimbia Petty wimbo wake "American Girl". Walioimba wimbo mmoja mwaka 2004, wawili wameshaimbiwa.

2014: NIRVANA NA WANAWAKE WANNE

Kurt Cobain alifariki Aprili 1994 akiwa na miaka 27. Nirvana waliingizwa tarehe 10 Aprili 2014, ukumbi wa Barclays Center, Brooklyn, mwaka ule ule wa kwanza waliporuhusiwa kwa kanuni ya miaka 25. Dave Grohl alikuwa mpiga drams wa Nirvana kabla ya kuunda Foo Fighters, kwa hiyo safari hii msiba ulikuwa wa kwake mwenyewe.

Wengi walitarajia watafute mwanamume mwenye sauti ya kukwaruza kama Kurt. Hawakufanya hivyo. Grohl, Krist Novoselic na Pat Smear walipanda na wanawake wanne, kila mmoja na wimbo wake:

- Joan Jett: "Smells Like Teen Spirit"
- Kim Gordon wa Sonic Youth: "Aneurysm"
- St. Vincent: "Lithium"
- Lorde: "All Apologies"

Lorde alikuwa na miaka 17 tu. Alizaliwa mwaka 1996, Kurt akiwa ameshafariki. Ukisikiliza hakuna hata mmoja kati ya wanne anayejaribu kuwa Kurt. Ndiyo maana unamkumbuka zaidi. Ukiweka mtu anayefanana naye, utakaa unalinganisha: huyu kapatia, huyu kakosea. Ukiweka mtu tofauti kabisa unasikia wimbo, na unasikia pengo.

ALIYE HAI LAKINI HAWEZI

Hali hii nadhani ni ngumu kuliko ya marehemu, maana mwenye wimbo anatazama.

Usiku ule ule wa 2014 aliingizwa Linda Ronstadt. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ametangaza kwamba ugonjwa umemwondolea uwezo wa kuimba. Hakufika. Nyimbo zake zikaimbwa na Carrie Underwood, Emmylou Harris, Bonnie Raitt, Sheryl Crow na Stevie Nicks. Wanawake watano kuifanya kazi ya mmoja. Hesabu hiyo peke yake ni sifa.

Tina Turner alikuwa ameingizwa na Ike mwaka 1991. Mwaka 2021, pale Cleveland, akaingizwa kwa jina lake mwenyewe, bila Ike. Alitambulishwa na Angela Bassett, aliyemwigiza kwenye filamu ya maisha yake. Tina alibaki Uswisi na kushukuru kwa video, huku Christina Aguilera, H.E.R., Keith Urban na Mickey Guyton wakimwimbia. Alifariki Mei 2023, kwa hiyo aliwahi kuyaona hayo kwa macho yake.

Ozzy Osbourne aliingizwa na Black Sabbath mwaka 2006, na kwa jina lake mwaka 2024. Kwa sababu ya maradhi alikaa kwenye kiti cha enzi jukwaani, na mbele yake wakaimba Maynard James Keenan wa Tool, Jelly Roll na Billy Idol. Alifariki tarehe 22 Julai 2025. Miezi tisa tu. Ua la heshima, mpe mtu akiwa bado ana pua ya kulinusa.

KISA CHA CHRIS CORNELL, MIAKA 12

Kama utakumbuka kisa kimoja tu kwenye makala hii, kumbuka hiki.

Mwaka 2013, Los Angeles, bendi ya Heart ya ndugu wawili Ann na Nancy Wilson iliingizwa. Aliyewatambulisha alikuwa Chris Cornell, mwimbaji wa Soundgarden. Wote ni watu wa Seattle.

Mei 2017 Cornell akafariki. Hafla ya mwaka 2018 Ann Wilson akapanda na Jerry Cantrell wa Alice in Chains kumwimbia "Black Hole Sun".

Novemba 2025 ikafika zamu ya Soundgarden wenyewe kuingizwa. Mwimbaji hayupo. Nancy Wilson akashika gitaa, na aliyeimba "Fell on Black Days" alikuwa Toni Cornell, binti wa Chris.

Yaani alichowapa Heart mwaka 2013, dada mmoja alikirudisha 2018, na mwingine akakirudisha 2025 akiwa amesimama karibu na mtoto wake. Ukisikia mtu anasema hafla hizi ni maigizo ya matajiri tu, mpe kisa hiki.

TUWARUDIE GROHL NA HAWKINS

Hawa wawili walirudi jukwaani mwaka 2013 kuwatambulisha Rush, bendi ya Kanada. Safari hii walivaa mawigi na majoho meupe kama Rush walivyovaa miaka ya 1970 na kupiga kipande cha "2112". Ukumbi ulikufa kwa kicheko, lakini muziki ulikuwa sahihi, noti kwa noti. Huo nao ni utani wa heshima. Humtanii hivyo mtu usiyemjua vizuri.

Mwaka 2021 Foo Fighters wenyewe wakaingizwa. Aliyewatambulisha ni Paul McCartney, na wakapiga pamoja "Get Back". Tarehe 25 Machi 2022 Taylor Hawkins akafariki ghafla akiwa ziarani Colombia, umri miaka 50.

Septemba mwaka huo lilifanyika tamasha la kumuenzi uwanja wa Wembley, London. Hili halikuwa la Jumba la Heshima, ila deni ni lile lile. Walipanda Brian May na Roger Taylor wa Queen. Walipanda Geddy Lee na Alex Lifeson wa Rush, ambao mpiga drams wao Neil Peart alifariki Januari 2020. Na kwenye wimbo "My Hero" aliyekaa kwenye drams alikuwa mtoto wa Taylor, miaka 16.

Kijana aliyewaenzi Queen mwaka 2001 na Rush mwaka 2013, Queen na Rush ndio waliokuja kumuenzi yeye. Wazee wakamwimbia kijana.

DENI LILILOCHELEWA, NA UGOMVI

Nisiwafiche, si kila kitu pale ni kizuri. Sister Rosetta Tharpe alikuwa anapiga gitaa la umeme na kuimba nyimbo za injili kabla roki haijapata jina. Chuck Berry, Elvis na Little Richard wote walikuja baada yake. Alifariki mwaka 1973. Jumba lilimwingiza mwaka 2018, miaka 45 baadaye, na Brittany Howard ndiye aliyempigia. Usiku huo huo Nina Simone, aliyefariki 2003, aliimbiwa na Lauryn Hill na Andra Day. Wengi walifurahi na kuuliza hapo hapo: mlikuwa wapi siku zote?

Swali hilo lilipata moto zaidi mwaka 2023. Mmoja wa waasisi, Jann Wenner, aliondolewa kwenye bodi baada ya mahojiano ambamo alisema wanamuziki wanawake na weusi hawakuwa na ufasaha wa kutosha kuingia kwenye kitabu chake.

Na ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe upo. McCartney hakuja Beatles walipoingizwa mwaka 1988. Sex Pistols waliandika barua ya kukataa mwaka 2006. Van Halen walipoingizwa mwaka 2007 walikuja wawili tu, Sammy Hagar na Michael Anthony, na Velvet Revolver ndio waliopiga wimbo wa kuwaenzi. KISS mwaka 2014 walishindwa kukubaliana nani apande, ikawa hakupiga mtu.

UTAJUAJE WIMBO WA KUENZI ULIOFANIKIWA?

Baada ya kutazama nyingi, alama zangu ni tatu:

Kwanza, mwimbaji haigi sauti ya mwenyewe. Anaimba kwa sauti yake, ila maneno na melodi anaviheshimu.

Pili, anaacha nafasi. Unahisi kuna mtu hayupo, na hakuna anayejifanya kulijaza pengo hilo lote.

Tatu, ukimaliza kutazama unaenda kutafuta rekodi ya awali. Ukibaki unamzungumzia aliyeimba tu, kuna kitu hakikwenda sawa. Kwa alama hii ya tatu naelewa wanaomlaumu Prince. Lakini mimi ile video ndiyo iliyonipeleka kwa Harrison, kwa hiyo kwangu amepita.

ORODHA YA HARAKA

Kwa mwenye dakika chache, andika haya kwenye kisanduku cha kutafutia video:

- 2001, Queen: May na Taylor pamoja na Grohl na Hawkins
- 2002, Ramones: Green Day wakiwapigia, mwaka mmoja baada ya kifo cha Joey Ramone
- 2004, George Harrison: Petty, Lynne, Winwood, Dhani na Prince
- 2013, Donna Summer: Jennifer Hudson, mwaka mmoja baada ya kifo chake
- 2013, Rush: Grohl na Hawkins na mawigi yao
- 2014, Nirvana: Jett, Gordon, St. Vincent na Lorde
- 2017, Prince: Lenny Kravitz
- 2018, Chris Cornell: Ann Wilson na Jerry Cantrell
- 2022, Jerry Lee Lewis: Bruce Springsteen na John Mellencamp
- 2023, Kate Bush: St. Vincent, "Running Up That Hill"
- 2025, Soundgarden: Toni Cornell na Nancy Wilson

Kuhusu hiyo ya Jerry Lee Lewis: alifariki tarehe 28 Oktoba 2022, na hafla ilikuwa tarehe 5 Novemba. Siku nane tu. Yeye ndiye alikuwa wa mwisho kubaki hai kati ya wale 10 wa mwaka 1986. Sasa darasa lote la kwanza limekuwa la kuimbiwa.

SWALI KWENU WADAU

Zilipendwa hapa kwetu tunazipiga kila harusi na kila baa. Marijani Rajab na Mbaraka Mwinshehe wanachezwa kila wiki, lakini ni mara ngapi umesikia mwimbaji akisimama dakika moja kabla ya wimbo na kusema huu ni wa fulani, alitufunza hiki na kile? Hilo halihitaji jumba la kioo kando ya ziwa wala kura 1,000. Linahitaji kipaza sauti ambacho tayari kipo mkononi.

Niambieni kwenye maoni hapo chini: ungepewa dakika tano jukwaani, ungemwimbia nani, na wimbo gani? Taja jina la mwenye wimbo. Matusi nafuta, ubishi naruhusu.